Nani Ana Ruhusa ya Kukata Mti wa Barabarani? Majibu kwa Wasomaji

Mvua za masika zinapoanza, barua zinazohusu miti ya mijini huongezeka katika safu hii: yuko anayelalamika kwamba mti umekatwa, na yuko anayelalamika kwamba haujakatwa. Katika toleo hili tumekusanya baadhi ya barua hizo, nyingi zikiwa za Nairobi, kwa sababu maswali yake yanafuatana na jibu la moja linasaidia kuielewa nyingine. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

SWALI: Jumamosi moja asubuhi vijana wenye pawasoo walishuka kwenye lori mtaani kwetu, wakaanza kukata mjakaranda uliosimama nje ya ua wetu, mti ambao hata wazee wa mtaa wanasema waliukuta. Tulipouliza, msimamizi wao alitupungia karatasi yenye muhuri lakini hakukubali tuisome. Kufika saa sita mchana palikuwa na kisiki na rundo la vumbi la mbao. Mti ule ulikuwa wa nani, na sisi tulikuwa na haki gani? *Msomaji wa Kilimani, Nairobi*

JIBU: Mti uliosimama kati ya ua wako na lami si wako, wala si wa jirani yako, wala si wa mwenye kiwanja kinachojengwa ng'ambo ya barabara, ingawa huyo wa mwisho ndiye ambaye aghalabu hugundulika kuwa amelikodi lori. Mti huo umo katika hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengewa barabara, na msimamizi wa hifadhi hutegemea barabara yenyewe ni ya nani. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, na barabara nyingi kubwa za ndani ya miji ziko chini ya KURA, mamlaka hizi mbili zikiwa zimeundwa na Sheria ya Barabara ya Kenya ya 2007. Barabara za kaunti na bustani za umma zimekabidhiwa serikali za kaunti na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, na jedwali hilohilo linaipa kaunti kazi ya kutekeleza sera za taifa za kuhifadhi udongo, maji na misitu. Ndiyo maana jijini Nairobi ombi la kukata mti hupelekwa kwa idara ya mazingira ya kaunti, ambayo humtuma afisa kuukagua kabla ya ruhusa kutolewa au kukataliwa.

Kwenye karatasi utaratibu huo hauna kasoro kubwa. Kasoro iko katika idadi ya wakubwa ambao mti mmoja unao. Yuko anayesimamia barabara, yuko anayesimamia mazingira, yuko mwenye nyaya za umeme zinazopita juu na mwenye bomba la maji linalopita chini, na siku hizi ameongezeka mwenye waya wa intaneti anayechimba mtaro kando ya mizizi. Kila mmoja wao anaweza kuwa na sababu ya kuukata, ilhali ni vigumu kumpata hata mmoja ambaye kazi aliyoajiriwa kuifanya ni kuutunza mti huo tangu ulipokuwa mche. Maoni yangu ni kwamba ugomvi mwingi wa miti katika miji yetu unatokana na pengo hilo, wala si kwa sababu wananchi wanapenda miti na serikali inaichukia.

Sasa turudi kwenye ile karatasi. Ruhusa yenye maana hutaja mahali mti ulipo, aina yake, idadi ya miti, sababu ya kuuondoa, jina la aliyeomba, jina la afisa aliyekagua na tarehe ambayo ruhusa inakoma. Karatasi isiyotaja idadi haimzuii mkandarasi chochote, na karatasi inayosema "kupunguza matawi" haimruhusu mtu kubakisha kisiki. Mkazi anayeomba kuisoma hamfanyii mtu ukorofi. Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la maandishi ndani ya siku 21. Ni kweli kwamba siku 21 hazimsaidii mtu ambaye pawasoo inanguruma mlangoni pake. Saa hiyo piga picha ya mti, ya lori pamoja na namba yake, na ya karatasi ukiweza. Piga simu idara ya mazingira ya kaunti uulize kama kazi hiyo wanaijua. Na ukiambiwa hawaijui, nenda kituo cha polisi ukaandikishe taarifa na uondoke na namba ya OB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha matukio cha polisi. Barua ya kuomba nakala ya ruhusa uipeleke hata kama mti umeshaanguka, kwa sababu mkandarasi aliyekata mmoja bila kuulizwa atarudi kwa wa pili.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, Ibara ya 42 inakupa haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani kuitetea bila kulazimika kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara. Mashauri ya namna hiyo husikilizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Njia hiyo ina gharama, na kwa mti mmoja wengi hawaifuati, lakini kwa mradi unaotaka kuondoa safu nzima ya miti inafaa kuifikiria mapema, wakati ripoti ya athari kwa mazingira bado iko NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, na maoni ya umma yanapokelewa.

Wasomaji wengi hutukumbusha mugumo (aina ya mtini) wa Waiyaki Way kama ushahidi kwamba kelele husaidia. Mti huo mkubwa wa Westlands, unaokadiriwa kuwa na umri wa karne moja, ulikuwa kwenye njia ya barabara ya juu kwa juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na kulikuwa na mpango wa kuung'oa na kuuhamishia kwingine. Mnamo Novemba 2020, baada ya wananchi na wanaharakati kupinga, Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo la kuuhifadhi, na barabara ikajengwa mti ukiwa umesimama. Nilifurahi kama wengine. Lakini mti uliohitaji sahihi ya Rais ili upone unaonyesha jinsi utaratibu wa kawaida ulivyo dhaifu, na miti mingine mingi ya njia hiyohiyo, ambayo haikuwa mikubwa wala haikuwa na nafasi katika mila za Wakikuyu, iliondolewa bila mtu kutia sahihi yoyote ya kuitetea.

SWALI: Huku kwetu Tudor mikungu na miarobaini iliyo chini ya nyaya za umeme imekatwa vichwa kwa kimo kimoja, ikabaki kama nguzo. Mkandarasi alituambia kwamba huko ndiko kupogoa na kwamba miti itachipua. Imechipua kweli, tena kwa wingi kuliko mwanzo. Je, alikuwa sahihi? *Msomaji wa Mombasa*

JIBU: Alisema kweli kuhusu kuchipua, na huko kuchipua ndiko kunakoonyesha kosa lake. Majani ndiyo jiko la mti. Ukikatwa kichwa, unalipoteza jiko lote kwa saa moja, na ili usife unatumia akiba iliyomo katika shina na mizizi kutoa vichipukizi vingi kwa haraka. Vichipukizi hivyo hutoka katika vijimacho vilivyo chini tu ya gome. Tawi la kawaida hukua pamoja na shina mwaka baada ya mwaka hadi likafumwa ndani yake, lakini kichipukizi cha namna hii kimebandikwa pembeni, juu ya mbao ambayo imeanza kuoza, kwa sababu kidonda kipana kilichoachwa juu ya shina ni kikubwa mno kufunikwa na gome jipya. Baada ya miaka michache vichipukizi vinakuwa matawi marefu na mazito, vinafika kwenye nyaya zilezile, na siku ya upepo vinabanduka. Mwenye nyaya anamlipa mkandarasi tena, na mara hii kazi ni kubwa na ya hatari zaidi.

Ili kuelewa upogoaji mzuri, tazama mahali tawi linapotoka kwenye shina. Utaona uvimbe mdogo unaolizunguka tawi hapo chini, kama kola ya shati, na gome lililokunjamana upande wa juu. Ndani ya uvimbe huo ndimo mti unamojenga kizuizi dhidi ya kuoza. Mtafiti wa Marekani, Alex Shigo, aliyefanya kazi katika idara ya misitu ya nchi hiyo, alipasua maelfu ya miti katika utafiti wake na kuonyesha kwamba mbao iliyojeruhiwa haiponi kama ngozi ya mtu inavyopona. Mti huitenga sehemu iliyoharibika kwa kuizungushia kuta, kisha hukuza mbao mpya juu yake. Ukikata nje kidogo ya ule uvimbe, unauachia mti kizuizi chake. Ukikata kwa kulisawazisha jeraha na shina ili lionekane nadhifu, umekiondoa kizuizi; na ukiacha kigutu kirefu, kitaoza na uozo utapita humo kuingia ndani. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba rangi na lami zinazopakwa kwenye majeraha hazizuii kuoza, kwa hiyo mkandarasi anayekuja na kopo la rangi na kuliandika katika hesabu yake anakutoza kitu usichokihitaji.

Tawi zito halikatwi mara moja, hukatwa mara tatu. Fundi huanza chini ya tawi, umbali wa futi moja hivi kutoka kwenye shina, akalichanja kwenda juu hadi kama theluthi ya unene wake. Kisha anasogea nje kidogo na kukata kutoka juu hadi tawi lianguke. Likianguka haliwezi kuchuna gome la shina kwa sababu ule mchanjo wa chini unalikomesha. Mwisho anakiondoa kigutu kilichobaki kwa kukata nje ya uvimbe. Ukisimama barabarani ukamwona mtu anakata tawi nene kwa mkato mmoja kutoka juu, na gome likachanika hadi katikati ya shina, huhitaji shahada kujua kwamba hakufundishwa kazi.

Kuhusu nyaya, kampuni ya umeme ina haki na wajibu wa kuweka nafasi salama, na mti unaogusa waya unaweza kuua mtu, hapo hatubishani. Tunabishana kuhusu namna. Badala ya kukata kichwa, fundi huondoa hadi kwenye shina yale matawi yanayoelekea kwenye waya na kuyaacha yanayoelekea pembeni, hata katikati ya mti pakawa na uwazi ambamo waya unapita. Mti unakuwa na umbo la ajabu kidogo, lakini matawi yaliyobaki yanaendelea kukua kwa kujitenga na waya, na kazi ya kurudia inapungua. Jambo jingine la kuangalia ni kiasi: mafundi wengi hujiwekea mpaka wa kutoondoa zaidi ya robo ya matawi yenye majani kwa mara moja, na kwa mti mzee mpaka huo huwa chini zaidi.

Yote haya yangekuwa madogo iwapo miti ingepogolewa ikiwa michanga. Mti wa miaka mitatu au minne hupogolewa na mtu mmoja mwenye msumeno wa mkono, akiwa amesimama chini, kwa dakika chache: anachagua shina moja liwe kuu, anaondoa linaloshindana nalo, anaondoa matawi yanayosuguana, anaondoka. Majeraha ni membamba kama kidole na hufunikwa upesi. Mti huohuo ukiachwa miaka ishirini na panda mbili zinazobanana utahitaji gari la ngazi, kamba, askari wa kuzuia magari na pawasoo, na pengine utapasuka katikati kabla havijafika. Bajeti za miji yetu, hata hivyo, hutenga fedha za kupanda na fedha za kukata, na katikati hapo hakuna kitu. Na kama mnapanda upya huko Tudor, msipande tena mkungu chini ya waya. Upandeni mbali na nyaya, na chini ya waya pandeni miti ambayo hata ikikomaa itabaki mifupi.

SWALI: Je, misumari ya mabango ya matangazo inaua mti? *Msomaji wa Thika*

JIBU: Msumari mmoja hauui mti mkubwa. Kila msumari ni jeraha, na mti wa kwenye kituo cha matatu huwa na mingi, lakini hatari kubwa zaidi ni waya unaozungushiwa shina ili kushikilia bango: shina linaponenepa waya unaingia ndani ya gome na kuukaba mti. Ukate waya huo ukiuona. Misumari iliyokwisha kuzama iache, maana kuichimbua kunaongeza jeraha. Mpe tu habari yake mtu yeyote atakayekuja na pawasoo siku moja, kwa usalama wa macho yake.

SWALI: Mbele ya shule ya watoto wetu pana mjakaranda mkubwa wenye tundu kwenye shina, na mwaka huu uyoga umeota chini yake. Chama cha wakazi kimegawanyika: nusu wanataka ukatwe kabla ya mvua, nusu wanasema umekuwa hivyo miaka yote. Tutajuaje nani ana haki? *Katibu wa chama cha wakazi, Nairobi*

JIBU: Tundu peke yake si hukumu. Nguvu ya shina iko katika mbao za nje, na miti mingi yenye uwazi ndani husimama miaka mingi. Kipimo ambacho wakaguzi wengi hukitumia kama mwanzo wa mazungumzo ni kwamba unene wa mbao nzima, yaani isiyooza, iliyobaki usipungue theluthi moja ya nusu kipenyo cha shina: shina la upana wa sentimita 60, kwa mfano, libaki na ukuta wa mbao nzima wa sentimita 10 pande zote. Mkaguzi mwenye uzoefu huanza kwa kugonga shina kwa nyundo ya mbao na kusikiliza, na penye shaka hutumia kifaa chenye sindano nyembamba inayotobolewa ndani ya mbao na kuandika ugumu wake.

Uyoga unanitia wasiwasi kuliko tundu, kwa sababu ukiota kwenye shina karibu na ardhi au juu ya mizizi unaweza kuashiria kwamba mizizi mikuu inaoza, na mti unaooza mizizi huanguka mzima ukiwa na majani yake mabichi. Lakini uko uyoga unaoishi juu ya majani makavu tu na usioudhuru mti, kwa hiyo upigwe picha na uonyeshwe kwa mtu anayeujua. Angalieni pia kama ardhi imepasuka au kuinuka upande mmoja, kama mti umeanza kuegemea hivi karibuni (mti ulioegemea tangu ujana na kisha kujinyoosha ni jambo tofauti), na kama mtaro wowote umechimbwa karibu na shina katika miaka ya karibuni. Hilo la mwisho husahauliwa sana. Mti uliokatwa mizizi ya upande mmoja wakati wa kiangazi hauonyeshi chochote hadi udongo ulowe na upepo uje.

Kisha kumbukeni kwamba kati ya kukata na kuacha kuna hatua nyingine. Matawi mazito ya upande wa barabara yanaweza kupunguzwa. Benchi au kituo cha basi la shule kinaweza kuhamishwa mita kadhaa. Mti unaweza kukaguliwa kila mwaka kabla ya Machi. Hatari ni mti pamoja na kilicho chini yake, na mara nyingine kilicho chini ni rahisi zaidi kuhamisha. Hapa, hata hivyo, chini yake wanapita watoto kila siku, na mkaguzi akikuta mizizi imeoza mimi ningekuwa upande wa wanaotaka ukatwe, bila kuzunguka.

Nawasisitizia jambo moja tu la kiutaratibu: anayetoa uamuzi asiwe anayelipwa kwa kukata, seuze anayeondoka na kuni na mbao. Andikeni kwa kaunti mkiomba ukaguzi na muweke nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mti ukianguka baadaye, barua hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba ofisi ilijua.

SWALI: Ninasomea mipango miji hapa Dar es Salaam. Mji unaosimamia miti yake vizuri hufanya nini tofauti? *Mwanafunzi, Ubungo*

JIBU: Huihesabu. Jibu hili huwavunja moyo wanafunzi wanaotarajia kitu kikubwa zaidi, lakini mji usiokuwa na daftari la miti yake hauwezi kupanga zamu za kupogoa, hauwezi kujua ni mti upi ulikaguliwa lini, wala hauwezi kumkana mkandarasi anayedai malipo ya miti ambayo haikuwapo. New York ilihesabu miti yake yote ya barabarani mwaka 1995, ikarudia mwaka 2005 na mwaka 2015. Katika hesabu hiyo ya tatu wananchi zaidi ya 2,200 walijitolea kupita mtaa kwa mtaa na kupima mashina, na ikapatikana miti 666,134. Kila mti uliwekwa kwenye ramani ambayo mkazi anaweza kuifungua na kuona aina yake na unene wake, na kazi ya kupogoa hupangwa kwa zamu za mitaa, zamu moja ikikusudiwa kurudi mtaani baada ya takriban miaka 7. Melbourne, nchini Australia, nayo iliipa miti yake namba na anwani za baruapepe mwaka 2013 ili wakazi waripoti matawi yaliyovunjika. Badala yake watu waliiandikia miti barua za mapenzi. Sijui kama afisa wa miti wa Ilala angependa kuzisoma.

Daftari pekee halitoshi, na mfano wa kukutahadharisha ni Sheffield, Uingereza. Mwaka 2012 halmashauri ya mji huo ilianza mkataba wa miaka 25 na kampuni ya Amey wa kukarabati na kutunza barabara zake, pamoja na miti yapata 36,000 iliyokuwa kando yake. Mji ulikuwa na hesabu, ulikuwa na fedha na ulikuwa na mkandarasi. Lakini ndani ya mkataba mlikuwa na lengo la kuondoa miti 17,500, na wananchi walilijua rasmi mwaka 2018 tu, baada ya miaka ya mvutano. Alfajiri ya tarehe 17 Novemba 2016, kukiwa bado giza, wafanyakazi wakisindikizwa na polisi walifika Rustlings Road, wakawaamsha wakazi ili waondoe magari yao, wakakata miti minane. Miongoni mwa waliokamatwa kwa kuizuia kazi hiyo walikuwa akina mama wawili waliotimiza miaka sabini na ushei. Ukataji ulisimamishwa Machi 2018, maelfu ya miti ikiwa imekwisha kuondolewa. Uchunguzi huru ulioongozwa na Sir Mark Lowcock ulitoa ripoti yake Machi 2023 na kuukosoa vikali mwenendo wa halmashauri, ambayo iliwaomba wakazi radhi mwaka huohuo.

Ukisoma mikataba katika masomo yako, angalia mkandarasi analipwa kwa kitu gani. Akilipwa kwa kila mti anaoukata, ataona miti mibovu kila mahali. Akikabidhiwa barabara kwa miaka mingi kwa malipo yasiyobadilika, mti mkubwa wenye mizizi inayoinua lami unakuwa gharama yake, na ataona ni nafuu kuuondoa mapema na kupanda mche ambao hautamsumbua hadi mkataba uishe. Ningependa kuona mji mmoja tu wa kwetu unaomlipa mtu kwa idadi ya miti michanga iliyopogolewa vizuri na iliyo hai.

SWALI: Mwarobaini ulio mbele ya duka langu Sinza umefunika kibao changu chote. Naweza kuukata mwenyewe? *Mfanyabiashara, Dar es Salaam*

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Kwa Tanzania barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na za wilaya, za mjini na za vijijini, ziko chini ya TARURA tangu 2017. Mti uliomo katika hifadhi ya barabara hauguswi bila mwenye hifadhi kujua. Anzia ofisi ya Serikali ya Mtaa, ambako utaelekezwa kwa afisa mazingira wa manispaa. Usiombe ukatwe. Omba uondolewe matawi ya chini hadi kibao kionekane, maana mwarobaini huvumilia hilo vizuri, na wateja wako wataendelea kupata kivuli. Na wale wanaokushauri ubambue gome kulizunguka shina, au umwage oili chafu usiku, wanakuletea mti mkavu utakaoangukia bati lako.

SWALI: Mjenzi aliyekata miti sita mtaani kwetu ameahidi kupanda miche kumi kwa kila mti. Je, tumepata faida? *Msomaji wa Lavington, Nairobi*

JIBU: Fanyeni hesabu kwa unene, msiifanye kwa idadi. Shina la kipenyo cha sentimita 60 likikatwa, uso wa kisiki chake ni sawa na nyuso za miche 900 yenye kipenyo cha sentimita 2, na hata hiyo miche 900 haina kivuli cha kumtosha mtu mmoja kwa miaka kadhaa. New York, kwa mfano, inapompa mjenzi kibali cha kuondoa mti wa barabarani, hukokotoa anachodaiwa kwa kuanzia kwenye ukubwa wa mti ulioondolewa, ndiyo maana huko wajenzi wengi huona ni nafuu kubadilisha ramani ya lango la gari kuliko kuuondoa mti.

Tatizo la pili ni uhai wa miche. Tangu Serikali ya Kenya ilipotangaza mwishoni mwa 2022 lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, ahadi za miche zimekuwa rahisi kutolewa, na mche wenyewe ni bei ndogo. Gharama iko katika maji ya Januari na Februari, katika uzio wa kuzuia mbuzi na magari, na katika ule upogoaji wa mwaka wa tatu niliomweleza msomaji wa Mombasa. Iandikieni idara ya mazingira ya kaunti mkiomba kwamba miche ipandwe mtaani kwenu, kila mmoja mahali palipotajwa kwenye mchoro, na kwamba sehemu ya fedha za dhamana ya mjenzi izuiwe hadi miche iwe imevuka viangazi viwili ikiwa hai. Mjenzi akikubali sharti hilo la pili, basi ahadi yake ni ya kweli. Akikataa, mwombeni apande miche miwili kwa kila kisiki na fedha za hiyo minane iliyobaki azilipe kwa mtu wa kumwagilia.